Sura ya Sita: Kuichungulia Betri Bila Kuifungua

Fundi alipenyeza kipande chembamba cha plastiki chini ya mgongo wa simu yangu, akakizungusha pole pole, na mgongo ukajiachia wenyewe. Ndani, betri ilikuwa imetuna kama mto mdogo. Ngozi yake ya rangi ya fedha ilikuwa imekaza hadi inang'aa. Nikanyoosha kidole. "Usiibonyeze hiyo, mzee," akasema fundi, "ikitoboka inawaka." Akaichomoa kwa vidole viwili, akatoka nayo nje ya kibanda, akailaza kwenye kopo la mchanga lililokuwa kivulini, pamoja na nyingine nne za namna hiyo. Nikamuuliza kimetokea nini. "Imechoka," akajibu, huku ameshaishika betri mpya.

Kariakoo neno hilo linatosha. Betri imechoka, weka nyingine, lipa, nenda zako. Lakini njiani kurudi nyumbani neno lenyewe lilinikaa kichwani. Kitu kisicho na msuli wala mshipa kinachokaje? Kilichochoka ni kipi hasa, kiko upande gani wa betri, na kilianza kuchoka lini? Wako watu ambao wametumia nusu ya maisha yao kuyajibu maswali haya matatu, na sura hii ni yao na ya mashine zao.

Nitasema mapema ninachokiamini: kilichoichelewesha elimu ya betri kwa miaka mingi ni macho. Tulijua kuitengeneza kabla hatujajua kuitazama. Kampuni ya Sony iliiingiza sokoni betri ya kwanza ya ayoni za lithiamu mwaka 1991. Picha nyingi nitakazozisimulia hapa zilipigwa mwaka 2010 na kuendelea. Katika miaka ile yote ya katikati, betri zilikuwa zinazaliwa, zinafanya kazi na kufa ndani ya makopo yaliyofungwa, na wataalamu walikuwa wakisikiliza kwa nje kama daktari asiye na kifaa ila sikio lake: wanapima volti, wanapima mkondo, wanakisia. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kwenye betri, kata haikuwepo.

Tuanze na kilichomo. Ukiikunjua betri (nakusihi usiikunjue, nitaikunjua mimi hapa kwa maneno), utakuta mikanda miwili mirefu iliyoviringwa pamoja, na kati yake utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Mkanda mmoja ni karatasi ya shaba yenye unene wa maikromita kumi hivi, nyembamba mara kadhaa kuliko unywele wako, iliyopakwa grafiti pande zote mbili. Wa pili ni karatasi ya alumini iliyopakwa unga mweusi wa oksidi ya metali, mara nyingi yenye kobalti au nikeli. Unga huo umeshikizwa kwa gundi na kuchanganywa na masizi ili umeme upite. Kila kitu kimeloweshwa kwa kimiminika chenye chumvi ya lithiamu. Mikanda hiyo miwili ndiyo elektrodi.

Wasomaji wa lugha hii wanakaa juu ya elektrodi zote mbili. Milima ya Mahenge, mkoani Morogoro, ina hifadhi kubwa ya grafiti. Kobalti nyingi kuliko mahali pengine popote duniani inachimbwa Kongo, kandokando ya Kolwezi na Likasi, ambako mchimbaji anaongea na mwenzake shimoni kwa Kiswahili. Na aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba lithiamu inaweza kuingia ndani ya grafiti kwa umeme na kutoka tena bila kuiharibu ni Mwafrika, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes, Moroko, akifanya kazi Grenoble, Ufaransa.

Simu inapochajiwa, ayoni za lithiamu hutoka kwenye oksidi, huogelea kwenye kimiminika, hupenya utando wa plastiki, kisha hujipenyeza kati ya tabaka za grafiti kama shuka zinavyochomekwa kwenye rundo la nguo zilizokunjwa. Rundo linanenepa. Grafiti iliyoshiba lithiamu hutanuka kwa asilimia kumi hivi. Unapoitumia simu, ayoni zinarudi zilikotoka na rundo linapungua. Kesho tena. Keshokutwa tena. Kwa mwaka, simu yako inavuta pumzi hiyo mara mia tatu au zaidi.

Ugumu wa kulitazama tukio hili una mizizi miwili. Lithiamu haivumilii hewa. Ukiifungua betri mezani, unyevu na oksijeni vinaishambulia papo hapo, na unachokitazama baada ya dakika chache ni kidonda ulichokitengeneza mwenyewe. Ndiyo maana maabara huifungulia ndani ya sanduku la kioo lililojazwa gesi ya argoni, mikono ya mtaalamu ikiwa ndani ya glavu ndefu za mpira zilizoungwa ukutani mwa sanduku. Hata hapo, mtaalamu anaipasua maiti. Anaona ilivyokufa. Hakuiona inakufa.

Mzizi wa pili ni wepesi wa lithiamu yenyewe. Ni ya tatu katika orodha ya elementi zote, baada ya haidrojeni na heli, na ina elektroni tatu tu. Eksirei huonyesha vitu kwa kuzuiwa na elektroni: penye nyingi panakuwa na kivuli kizito, penye chache eksirei zinapita kana kwamba hapana kitu. Wilhelm Röntgen alipoupiga picha mkono wa mke wake mwaka 1895, mifupa ilionekana, pete kidoleni ikatoka nyeusi tii, nyama ikabaki kama ukungu. Ndani ya betri, shaba ndiyo pete na oksidi ya kobalti ndiyo mfupa. Lithiamu, ambayo ndiyo tunayoitafuta, ni hafifu kuliko hata ule ukungu.

Kwa muda mrefu basi watafiti walitegemea hadubini ya elektroni, chombo ambacho Ernst Ruska na Max Knoll walikianzisha Berlin mwaka 1931. Inaipiga sampuli kwa miale ya elektroni na kuonyesha uso wake hadi nanomita chache. Ukiiweka punje ya elektrodi iliyotumika miaka mitatu chini ya hadubini hii, unaona nyufa kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Kuna hata namna ya kuichonga sampuli kwa miale ya ayoni za gali, tabaka jembamba baada ya jingine, ukipiga picha kila unapochonga, halafu kompyuta ikazirundika picha zote zikawa umbo kamili. Ni kazi ya kupendeza sana kuitazama. Lakini sampuli iliyochongwa hairudi kwenye simu.

Picha iliyonigusa kuliko zote ilipigwa kwa mwanga wa kawaida.

Grafiti ikiwa tupu ni nyeusi kama risasi ya penseli, na kwa hakika risasi ya penseli ni grafiti. Lithiamu inapoanza kuingia, inageuka buluu iliyokolea. Inapofikia nusu ya shibe yake, punje inakuwa nyekundu. Inaposhiba kabisa, inakuwa na rangi ya dhahabu. Si rangi iliyoongezwa na kompyuta. Ni grafiti yenyewe inayobadilika, kwa sababu kila lithiamu inayoingia inaleta elektroni, na elektroni hizo hubadilisha jinsi grafiti inavyourudisha mwanga. Wanakemia walikuwa wanazijua rangi hizi tangu zamani. Mwaka 2010 Stephen Harris na wenzake huko Marekani walitengeneza betri yenye dirisha la kioo, wakaiweka chini ya hadubini ya kawaida, wakaanza kuichaji huku wanatazama.

Jaribu kuiona. Ukanda mweusi umelala mbele yako, umekatwa kwa ubavu. Upande wa kushoto ndiko lithiamu inakotokea. Kwanza punje za kushoto zinaingia ubuluu, kama kitambaa kinachonyonya wino kuanzia pembeni. Buluu inasogea kulia. Nyuma yake wekundu unafuata. Halafu, ukingoni kabisa, punje moja inawaka dhahabu, kisha jirani yake, wakati punje za upande wa pili bado ni nyeusi, hazijapata hata tone. Betri ambayo mita inasema imejaa nusu, kumbe sehemu yake moja imevimbiwa na nyingine haijaonja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kuchaji kwa haraka kunaichosha betri. Ukisukuma mkondo mkubwa, punje za mbele zinajaa kabla za nyuma hazijafikiwa. Lithiamu inaendelea kufika, inakuta mlango umejaa, na kwa kukosa pa kuingia inajipaka juu ya grafiti ikiwa metali tupu. Baridi inaongeza tatizo hilo, kwa sababu ayoni zinapenya ndani ya punje taratibu zaidi. Metali hiyo inaweza kuota miiba na matawi. Matawi yakivuka utando wa plastiki na kugusa elektrodi ya pili, umeme unapita njia ya mkato na moto unaanza. Ni miiba ya namna hiyo iliyozisumbua betri za kwanza za lithiamu katika miaka ya 1970, enzi ambazo Stanley Whittingham alikuwa akifanya utafiti katika kampuni ya mafuta ya Exxon. Mwaka 2019 alitunukiwa Nobel ya kemia pamoja na John Goodenough na Akira Yoshino.

Dirisha la kioo lina kasoro yake: betri iliyotengenezwa ili itazamwe si sawa na betri iliyotengenezwa ili ifanye kazi. Kuiona iliyofungwa kunahitaji kupita kwenye kopo, na hapa njia inapitia hospitali. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akifanya kazi ya muda katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Aliona kwamba eksirei moja haitoshi kujua kilichomo mwilini, akaanza kukokotoa jinsi vivuli vingi vilivyopigwa kutoka pande nyingi vinavyoweza kuunganishwa vikajenga umbo la ndani. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza, aliifikia fikra hiyo kwa njia yake, akaunda mashine. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Nobel ya tiba. Mashine hiyo ndiyo ya CT, ambayo leo mgonjwa analazwa ndani yake Muhimbili au Kenyatta.

Hospitalini mashine inamzunguka mgonjwa. Kwenye betri ni rahisi kuizungusha betri yenyewe, na kwa kuwa betri haina uhai wa kuogopea, inaweza kupigwa eksirei kali ambazo mtu asingezistahimili. Zenye nguvu zaidi hutoka kwenye sinkrotroni, pete kubwa ambamo elektroni hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga, na kila zinapokunjwa kona hutema eksirei. Ile ya Grenoble ina mzingo wa mita 844. Mtu akiizunguka kwa miguu ametembea karibu kilomita moja kwa ajili ya kutazama punje isiyofika upana wa unywele.

Uswisi nako kuna pete kama hiyo, na huko Martin Ebner, Vanessa Wood na wenzao walitazama elektrodi ya oksidi ya stani ikichajiwa, kazi waliyoichapisha mwaka 2013. Walichagua oksidi hiyo kwa sababu inatanuka sana kuliko grafiti, kwa hiyo maumivu yake yanaonekana wazi. Waliona punje zikishiba kuanzia ganda kuelekea kiini. Waliona pia kwamba nyufa hazizaliwi popote tu. Zinafuata kasoro ndogo zilizokuwemo ndani ya punje tangu kabla ya chaji ya kwanza. Hili naliona ni jambo kubwa, kwa sababu linampa kazi mtengenezaji: kifo cha betri kinaanzia kiwandani, na kiwandani ndiko kinakoweza kuahirishwa.

Miaka miwili baadaye, Donal Finegan na Paul Shearing wa chuo kikuu cha UCL, London, walikwenda Grenoble na betri za kopo, za ukubwa unaokaribia kidole gumba, wakazipasha moto makusudi hadi zilipuke huku eksirei zikipiga picha zaidi ya elfu moja kila sekunde. Betri moja ilikuwa na nguzo ya chuma katikati, nyingine haikuwa nayo. Yenye nguzo ilishikilia umbo lake karibu hadi mwisho, kisha ndani yake yakaonekana matone ya shaba iliyoyeyuka, ushahidi kwamba joto lilivuka nyuzi 1,000 za Selsiasi. Isiyo na nguzo, mviringo wa mikanda yake uliporomoka kwa ndani kabla ya mlipuko, halafu kifuniko kikang'oka na vyote vilivyomo vikarushwa nje. Kipande cha chuma, basi, ambacho mtu angeweza kukiona ni mzigo usio na kazi.

Pamoja na ukali wake wote, eksirei bado haikuiona lithiamu. Iliona nyumba ikitikisika bila kumwona aliyemo. Anayemwona ni nyutroni. Nyutroni haijali elektroni, inashughulika na kiini cha atomu, kwa hiyo inapita kwenye shaba na alumini bila shida na kusimamishwa na vile ambavyo eksirei inavipita: haidrojeni na lithiamu. Ni sehemu ndogo tu ya lithiamu ya asili, ile iitwayo lithiamu-6, inayozinasa nyutroni kwa nguvu, lakini sehemu hiyo inatosha kutoa kivuli. Tanuri la nyuklia linalotoa nyutroni kwa kazi hii liko Grenoble hiyo hiyo, jirani kabisa na ile pete ya mita 844. Mwaka 2020 Ralf Ziesche na wenzake walieleza jinsi walivyoipiga betri picha kwa macho yote mawili, eksirei kuonyesha nyufa na nyutroni kuonyesha lithiamu ilikokwenda, kisha wakaikunjua kwa kompyuta hadi mikanda ikanyooka kama mkeka. Lithiamu haikusambaa sawasawa. Hata ndani ya betri nzima, isiyo na hitilafu ya kuonekana, kuna pembe zinazofanya kazi kupita kiasi na pembe zinazokaa bure.

Clare Grey wa Cambridge aliijia lithiamu kwa masikio. Kiini cha lithiamu ni kama sumaku ndogo, na kikiwekwa kwenye sumaku kubwa kinaitikia mawimbi ya redio, kama haidrojeni ya mwilini inavyoitikia kwenye mashine ya MRI. Lithiamu iliyokuwa metali huitikia kwa sauti tofauti na ile iliyomo kwenye grafiti, kwa hiyo mtafiti anaweza kusikia miiba ikianza kuota ndani ya betri bila kuigusa. Mwaka 2012 timu aliyokuwamo pamoja na Alexej Jerschow wa New York iligeuza mwitikio huo kuwa picha, ikaonyesha ni wapi lithiamu imeota.

Kwa aliye na hamu ya kushuka zaidi, hadi kwenye atomu, kuna unyuzi wa oksidi ya stani ambao Jian Yu Huang na wenzake waliutazama Marekani mwaka 2010 ndani ya hadubini ya elektroni. Lithiamu ilipoingia kwa ncha moja, unyuzi ulinenepa, ukarefuka, ukajinyonga na kupindapinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia, na mpaka kati ya sehemu iliyoshiba na isiyoshiba ukawa unasafiri mbele ya macho yao. Lakini miale ya elektroni ni mikali, na lithiamu ikiwa metali inayeyuka na kuharibika chini yake. Yi Cui na Yuzhang Li wa Stanford waliazima dawa kutoka kwa wanabiolojia: wakaigandisha sampuli kwa naitrojeni ya kimiminika, kama mvuvi anavyomlaza samaki kwenye barafu ili afike sokoni mbichi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Picha zake zilionyesha mwiba wa lithiamu ukiwa umenyooka, atomu zimejipanga safu kwa safu, na juu yake utando mwembamba ambao kimiminika cha betri hujitengenezea kila kinapoigusa lithiamu.

Utando huo unatosha kumjibu fundi wangu, angalau kwa sehemu. Unaota juu ya grafiti pia, tangu chaji ya kwanza, na bila huo betri isingeishi hata wiki, kwa sababu unaizuia grafiti isiendelee kula kimiminika. Lakini grafiti inapotanuka na kusinyaa, utando unachanika. Penye mchaniko kimiminika kinavunjika upya ili kuuziba, kinatumia lithiamu, na kinatoa gesi. Kidogo leo, kidogo kesho. Joto la gari lililoegeshwa juani linaongeza kasi. Gesi haina pa kutokea, na mfuko wa fedha unaanza kukaza. Kilichochoka ni lithiamu iliyofungiwa ndani ya utando, kimiminika kilichovunjika, na punje zilizopasuka zikapoteza mshiko na masizi yaliyokuwa yanaziletea umeme.

Nimezitaja Grenoble, Stanford na Cambridge mara nyingi kiasi kwamba msomaji aliye Dodoma, Eldoret au Lubumbashi anaweza kudhani mambo haya hayamhusu. Ni kweli kwamba Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi wa kudumu lisilo na sinkrotroni hata moja. Wanasayansi wa Kiafrika wanaidai kwa miaka sasa, na Misri ni mwanachama wa ile ya SESAME iliyofunguliwa Yordani mwaka 2017. Naunga mkono dai hilo kwa moyo wote. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Cambridge, Alice Merryweather na Akshay Rao miongoni mwao, pamoja na Clare Grey, walizitazama punje moja moja za oksidi ya kobalti kwa hadubini ya mwanga, bila pete yoyote ya mita 844, wakagundua kwamba kinachopunguza kasi wakati wa kuchaji si kile kinachoipunguza wakati wa kutumia. Kuchaji kunategemea jinsi ayoni zinavyosafiri ndani ya punje. Kutumia kunategemea jinsi zinavyoingizwa ukingoni mwake.

Jaribio la rangi za grafiti linahitaji hadubini yenye kamera, dirisha la kioo, sanduku la argoni na chombo cha kudhibiti mkondo. Bei yake si ya mfukoni, lakini idara ya fizikia au kemia ya chuo kikuu inaweza kuipanga kwenye bajeti. Kwa wanaoziongoza idara hizo, kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, ninaomba jambo moja: mwanafunzi mmoja apewe nafasi ya kuiona punje nyeusi ikigeuka buluu, kisha nyekundu, kisha dhahabu, kwa macho yake mwenyewe. Grafiti ya kuanzia ipo Mahenge.